Mrejesho: amplifaya ya wati 200, nimeunda mwenyewe

Wakuu, niliuliza kama nijiundie amplifaya ya wati 200 au ninunue iliyo tayari. Wengi mlisema nunua. Sikusikia.

Saketi haikunisumbua: transista 2SC5200 na 2SA1943, jozi mbili kila chaneli (upande mmoja wa spika). Jasho lilinitoka kwenye umeme wake. Transfoma ya 35-0-35 (volti 35 za AC kila upande, sifuri katikati), umeme wake ukishapita diodi na kapasita, inatoa karibu volti 49 chanya na 49 hasi. Na ni zito hilo dude!

Aliyenishauri niwashe mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo, ubarikiwe. Balbu iliwaka kwa nguvu, ikagoma kufifia, yaani kuna shoti. Kumbe transista moja niliifunga bila karatasi ya maika inayozuia umeme, mgongo wake unagusa hitisinki (chuma cha kupoza). Bila ile balbu ningekuwa nazoa majivu.

Muungurumo kwenye spika nao uliisha nilipokusanya nyaya zote za ardhi kwenye nukta moja.

Gharama? Kasha, hitisinki na transfoma pekee vimepita bei ya amplifaya ya dukani. Mlikuwa sahihi. Ila hii siiuzi, na ya chaneli ya pili naianza wiki ijayo.