Kwa nini dawa za kifua kikuu humezwa miezi sita?

Mdadisi: Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mwenye maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria hupewa penisilini na kupata nafuu baada ya siku chache, lakini mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye naye anasumbuliwa na bakteria, humeza dawa kwa miezi 6 ingawa homa na kikohozi hupungua mapema zaidi. Je, dawa hizo ni dhaifu?

Wa Maabara: Si dhaifu, tofauti iko kwa bakteria mwenyewe. Wapo bakteria ambao, wakipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, ilhali huyu wa kifua kikuu huchukua takribani saa 20. Hilo lina uzito kwa sababu dawa nyingi humpata bakteria akiwa kazini: penisilini, kwa mfano, huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli yake (ukuta ambao seli zetu hazina, ndiyo maana zinasalimika), na asiyejenga kitu wakati huo hadhuriki sana. Bakteria wa kifua kikuu hujibanza hata ndani ya seli nyeupe za damu zilizowameza ili ziwaue, na baadhi yao hukaa humo kama waliolala. Wiki za kwanza huangamiza walio wengi na wenye shughuli, hapo mgonjwa akajiona amepona. Miezi inayobaki ni ya kuwasaka waliolala.

Mdadisi: Nashukuru, la muda nimelielewa. Kwa nini basi zichanganywe dawa 4?

Mfamasia: Jibu lilipatikana kwa uchungu. Streptomisini ilipojaribiwa peke yake nchini Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1948, wagonjwa walipata nafuu, kisha wengi wao wakawa na bakteria sugu. Katika mamilioni ya bakteria waliomo pafuni, wachache tayari wana badiliko la jeni linalowakinga dhidi ya dawa fulani, na dawa hiyo ikitumika peke yake huwaondolea washindani na kuwaachia uwanja. Kumpata mmoja anayezikwepa dawa 4 kwa pamoja ni jambo la nadra mno. Kwa hiyo miezi 2 ya mwanzo hutumika isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kisha 2 za kwanza huendelea kwa miezi 4.

Msomaji Mkongwe: Naongeza kwa tahadhari kwamba urefu huo usichukuliwe kuwa kanuni ya kila ugonjwa, kwani nimonia isiyo kali mara nyingi hutibiwa kwa siku 5 tu. Hata miezi 6 yenyewe si amri ya milele: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoruhusu tiba ya miezi 4 yenye rifapentini na moksifloksasini kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, ikiwa bakteria wao si sugu. Anayebadilisha muda ni tabibu, si mgonjwa aliyejisikia nafuu.