Kulala milimani mwezi wa Juni: Mlima Rainier

Ndugu zangu wa jimbo la Washington, salaam nyingi. Sisi wanne wa Tacoma tumepata likizo katika wiki ya pili ya Juni, nasi tunakusudia kulala milimani siku tatu katika kipande cha njia ya Wonderland, ile inayouzunguka Mlima Rainier. Wawili wetu wamewahi kufika kileleni Kilimanjaro, hivyo baridi haitutishi. Naomba mwenye uzoefu atueleze kama kuna jambo jingine la kuangalia kabla hatujaomba kibali.

—

Kaka, habari za huko. Baridi ndiyo ndogo katika shughuli hii. Kilimanjaro tunahesabu mvua, tukikwepa masika na vuli, na kila mpandaji hulazimika kwenda na mwongozaji anayeijua njia. Huku mtakuwa peke yenu, na mwezi wa Juni njia yenyewe imefukiwa. Pale Paradise, upande wa kusini wa mlima, kwenye mwinuko wa meta 1,650 hivi, theluji inayoanguka kwa mwaka hupita meta 15 kwa wastani, na sehemu za juu za Wonderland, yenye urefu wa kilometa 150, kwa kawaida hubaki chini ya theluji hadi katikati ya Julai, pengine hata baada ya hapo.

Mimi niliwahi kupita Summerland mwishoni mwa Juni nikielekea Panhandle Gap, sehemu za juu za njia hiyo hiyo. Asubuhi theluji ilikuwa ngumu kama sakafu, tukafuata nyayo za waliotutangulia bila wasiwasi, mpaka nyayo zikagawanyika pande tatu na kila upande ukaonekana ndio wenyewe. Ilipofika saa saba mchana theluji ilikuwa imelainika kama uji. Nilipokanyaga kando ya jiwe kubwa mguu ulizama hadi pajani, nikasikia maji yakipita chini ya kiatu. Kumbe jiwe likipata jua huyeyusha theluji inayoligusa, na shimo linalobaki halionekani kwa juu. Tukageuza. Kijito tulichokivuka asubuhi kwa kurukia mawe kilitufika magotini jioni, kwa kuwa theluji iliyoyeyuka mchana kutwa ndiyo iliyokuwa ikiteremka.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba kibali, tazameni kwenye intaneti vipimo vya SNOTEL, ambavyo ni vituo vya serikali vinavyopima theluji milimani vyenyewe, na kimoja kipo Paradise. Theluji hulalia kitu mfano wa mto wa kitanda uliojaa kimiminika kisichoganda, na uzito wake hugeuzwa kuwa kiasi cha maji. Basi msisome tarakimu hiyo mkadhani ni kina cha theluji, maana kina huandikwa peke yake. Kumbukeni pia kwamba theluji ya miteremko inayotazama kaskazini huchelewa kuyeyuka kuliko uwanda kilipowekwa kituo.

Kama tarehe haziwezi kusogezwa, shaurini kubadilisha mahali. Bonde la mto Hoh, katika hifadhi ya Olympic, lina njia ambayo kilometa zake 14 za mwanzo hazipandi zaidi ya meta 300 juu ya bahari, na mtalala msituni kando ya mto. Mvua ndiyo gharama yake, kwani msitu huo hupata zaidi ya meta 3 kwa mwaka, ingawa Juni si mwezi wake mbaya.

—

Ahsante sana, dada. Tumekubaliana kwenda Hoh. Tatizo ni mwenzetu mmoja ambaye amekwisha nunua shoka la barafu, naye anauliza kama bado twaweza kupanda juu siku ya mwisho.

—

Mwambie alirudishe dukani kama bado ana risiti. Shoka hilo humsaidia mtu aliyefundishwa kujizuia anapoteleza, na mafunzo hayo hufanyiwa mahali ambapo mteremko unaishia kwenye uwanda, si kwenye miamba wala korongo. Fedha hiyo inunue fimbo mbili za kutembelea na soksi za akiba. Kibali cha kulala kinahitajika huko pia. Kabla hamjaanza safari, muulizeni mhifadhi hali ya njia kwa wiki ile, pamoja na namna ya kuhifadhi chakula ili dubu wasikifikie.