Nuru tatu mahali pamoja katika Mashuke: ni kitu gani?

Mkeshaji ameuliza:

Ndugu wapenzi wa anga, naomba msaada wenu kuhusu jambo linaloninyima usingizi. Usiku wa tarehe 26 Machi, nikiwa nimelala chali na darubini ya macho mawili, niliona nuru mahali pasipo na nyota, upande wa magharibi wa kundinyota la Mashuke, pembeni kidogo mwa nyota iitwayo Beta Virginis. Ilianza ikiwa hafifu, ikaongezeka taratibu kwa muda wa dakika moja hivi hadi ikaonekana kwa shida hata bila darubini, kisha ikazimika upesi kuliko ilivyowaka. Ilikuwa saa 5:48 usiku. Saa 6:00 nuru ya namna ileile ilitokea karibu pale pale, na saa 6:20 ikatokea ya tatu.

Haikuwa ndege, kwa sababu hapakuwa na mlio wala taa za kumetameta. Haikuwa satelaiti pia, kwa kuwa satelaiti zote nilizowahi kuona hukatiza anga kwa dakika chache, na hii haikwenda popote. Mara moja nilihisi kwamba inasogea kidogo kuelekea mashariki, lakini siyaamini macho yangu sana baada ya saa nyingi gizani. Nuru ya tatu niliwahi kuipiga picha, kamera ikiwa imesimama kwenye stendi na lenzi ikiachwa wazi kwa sekunde 20. Kwa bahati mbaya picha ina kasoro: nyota zimevutika kuwa vistari vifupi, ilhali nuru yenyewe ni nukta tu.

Niongeze kwamba saa 7:05 nilishuhudia mmweko mmoja katika kundinyota la Simba, uliodumu chini ya sekunde moja. Sijui kama una uhusiano na hizo nyingine.

Nyota Zohari amejibu:

Umefanya vema kutoyaamini macho. Ukiikazia macho nukta moja ya nuru gizani, pasipo kitu cha kuilinganisha nayo, itaonekana kutangatanga hata kama imetulia kabisa, na wengi wamewahi kuapa kwamba Zuhura ilikuwa ikiwafuata. Kwa hiyo huko kusogea ningekuweka kando. Mmweko wa saa 7:05 unaweza kuwa kimondo kilichokuwa kinakuja moja kwa moja upande wako, maana kimondo cha aina hiyo hakiachi mstari, bali huwaka mahali pamoja na kuzimika. Nuru tatu za dakika nzima, hata hivyo, haziwezi kuwa vimondo.

Darubini Kongwe amejibu:

Ndugu Mkeshaji, picha yako haina kasoro yoyote. Tafadhali usiifute, kwa sababu ndiyo iliyobeba jibu.

Dunia inapozunguka, nyota huelekea magharibi kwa kiasi cha nyuzi 15 kila saa, na ndiyo sababu kamera isiyosogezwa huzichora kama vistari. Kitu kinachobaki nukta katika picha ya namna hiyo hakifuatani na nyota, bali kimetulia kwa kulinganishwa na ardhi uliyolala. Ziko satelaiti zinazofanya hivyo hasa: zile za mawasiliano zilizopangwa juu ya ikweta, kwenye kimo cha takriban kilomita 35,786, ambazo huizunguka Dunia kwa muda uleule ambao Dunia hujizungusha. Ukizitazama kati ya nyota, zinakwenda mashariki polepole, nusu nyuzi kwa dakika mbili, yaani upana wa Mwezi. Kwa hiyo macho yako yalisema kweli safari hii, na kwa heshima natofautiana na ndugu Nyota Zohari.

Kwa kawaida satelaiti hizo ni hafifu mno. Lakini karibu na sikusare za Machi na Septemba, yaani siku ambazo usiku na mchana hulingana, Jua linapokuwa karibu na ikweta ya anga, kivuli cha Dunia huangukia kwenye mkanda wao, na kila moja huingia humo kila usiku, kwa muda usiozidi dakika 72 hivi. Muda mfupi kabla ya kuingia, Jua linakuwa karibu nyuma yako kabisa na satelaiti iko mbele yako, hivyo paneli zake pana, ambazo hulielekea Jua wakati wote, hurudisha mwanga kuelekea huku kwetu. Nuru huongezeka taratibu, kisha kivuli huikata. Hilo linaeleza kwa nini ilizimika upesi kuliko ilivyowaka.

Na kwa nini mahali pamoja? Kwa sababu ukingo wa kivuli uko mahali pamoja kati ya nyota usiku huo, na satelaiti huufikia moja baada ya nyingine. Uliona satelaiti tatu tofauti, zote zikipita mlango mmoja. Kila nyuzi moja ya longitudo kati yao ni dakika nne za kusubiri, kwa hiyo dakika 12 na dakika 20 zinaonyesha zimeachana kwa takriban nyuzi tatu na tano.

Usiniamini kwa maneno tu. Kivuli hulifuata Jua, na husogea mashariki kwa karibu nyuzi moja kwa siku. Rudi tarehe 2 Aprili, utazame karibu na nyota Eta Virginis, nyuzi saba au nane mashariki ya ulipotazama mwanzo. Saa zitakuwa karibu zilezile za ukutani, ingawa kufikia siku hiyo nyota zenyewe zitakuwa zinafika mapema kwa dakika 28. Kitu kilicho mbali kati ya nyota hakiwezi kufuata saa yako ya ukutani.

Hili si geni. Katika miaka ya 1980 watazamaji wasio wa kulipwa nchini Kanada waliripoti mimweko kwenye mpaka wa makundinyota ya Farisi na Kondoo, wataalamu wakaijadili kwa uzito kana kwamba inatoka nje kabisa ya mfumo wetu wa Jua, na hatimaye ikatambuliwa kuwa ni mng'ao wa Jua juu ya satelaiti.

Kumbukumbu Safi amejibu:

Nakubaliana na maelezo hayo, ila ninaogopa tabia ya kulitupia kila jambo neno «satelaiti» na kwenda kulala. Tarehe 20 Septemba 2016, Víctor Buso, mtazamaji asiye wa kulipwa wa Rosario, Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya kwenye darubini yake, akiielekeza kwenye galaksi NGC 613. Katika picha za mwanzo hapakuwa na kitu, kisha nukta ikatokea na kuendelea kung'aa. Angeweza kudhani kwamba kamera mpya ina hitilafu, lakini aliichunguza akatafuta msaada, ikabainika kwamba amenasa dakika za mwanzo za mlipuko wa nyota, ambazo karibu kila mara hupita bila kuonwa na mtu.

Tarehe 3 Juni 2010, Anthony Wesley wa Australia alirekodi mmweko wa sekunde chache kwenye Mshtarii. Mmweko mmoja katika kamera moja ni ushahidi dhaifu, kwani hata chembe kutoka anga za mbali ikigonga pikseli huacha nukta. Lakini Christopher Go wa Ufilipino alipopitia video yake ya usiku uleule, aliukuta mmweko huohuo. Mtazamaji wa pili aliye mbali huondoa kamera, macho na satelaiti kwa mpigo mmoja. Kwa mmweko wako wa saa 7:05, ndugu Mkeshaji, ndicho unachokikosa: hujatuandikia hata ulikuwa karibu na nyota gani ya Simba.

Mkeshaji ameandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Usiku wa tarehe 2 Aprili niliketi mapema na kuielekeza darubini magharibi kidogo ya Eta Virginis. Saa 5:50 nuru ilianza kujitokeza, ikakua, ikakatika, na safari hii niliitazama ikisogea mashariki kati ya nyota mbili ndogo hadi ikazipita. Ile ya saa sita kamili ilifichwa na wingu. Saa 6:22 ilikuja nyingine, na sikuweza kujizuia kusema kwa sauti, ingawa nilikuwa peke yangu. Pale karibu na Beta hapakutokea kitu chochote.

Kuhusu mmweko wa Simba, nimerudi kwenye daftari langu na kukuta nimeandika saa tu, pamoja na jina la kundinyota. Nafasi ya maelezo nimeiacha wazi, na chini yake nimechora safu mpya mbili: nyota ya jirani, na nani mwingine alikuwa anatazama.