Pikapu za gitaa ya nyuzi saba: uzi wa B unavuma tu, niweke gani?

mpiga_solo_mbale

Habari zenu ndugu zangu, niko Mbale, naomba ushauri kabla sijatuma pesa. Niko na gitaa ya umeme ya nyuzi saba, skeli (urefu wa uzi unaotetemeka) ya inchi 25.5, niliinunua ikiwa imetumika kwa jamaa mmoja Kampala mwaka jana. Mbao yake nzuri, shingo haijapinda, lakini pikapu ilizokuja nazo, zile sumaku zenye koili chini ya nyuzi zinazopeleka sauti kwenye ampu, zinanitesa. Nyuzi sita za kawaida ziko sawa, shida inaanzia huo wa saba, B ya chini. Nikiwasha distosheni nikaugusa unavuma tu kama jenereta ya jirani, noti haitoki, mpiga besi wetu anabaki ananiangalia maana hatujui nani anapiga nini. Na nikizima distosheni bado kuna ukungu, sauti ni kama ya mtu anaongea amejifunika blanketi.

Kazi yangu ni mbili na zote nazipenda. Jumapili napiga kanisani, na kwetu sifa bila sebene, ule mchezo wa haraka wa gitaa wa Kikongo, bado hazijakolea, kwa hivyo nahitaji sauti safi inayometa juu. Katikati ya wiki mimi na vijana wenzangu watatu tunapiga metali kwenye stoo moja hivi tumeazimwa, huko ndo uzi wa saba unafanya kazi.

Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa, kila mtu na kampuni yake, huyu anasema EMG, huyu DiMarzio, mwingine Seymour Duncan, ile pikapu yao ya Nazgul, na ukiuliza pikapu madukani huku wanadhani unatafuta gari. Pesa nimeweka kidogo kidogo tangu Januari, zinatosha pikapu mbili basi, nikikosea sina nyingine. Mngekuwa nyinyi mngechukua gani?

FundiKoili

Karibu ssebo. Mimi natengeneza magitaa na ampu hapa Kampala, na hii shida yako naletewa mara kwa mara. Kununua pikapu kabla hujafungua gitaa ni kama kumeza dawa ya malaria kabla hujapimwa. Pengine pikapu kweli ni mbovu, lakini pengine si yenyewe. Chukua bisibisi na rula ya shule, ufanye hivi.

Kwanza kimo. Bonyeza uzi wa B kwenye freti ya mwisho kabisa, halafu pima nafasi kati ya uzi na pikapu ya briji, ile iliyo mbali na shingo. Upande wa nyuzi nene nataka kama milimita 3, upande wa nyembamba 2. Watu wanapandisha pikapu wakidhani watapata nguvu, kumbe sumaku ikiukaribia sana uzi mnene inauvuta, uzi unatetemeka vibaya, noti inayumba na inakufa mapema. Uzi wa saba ndo unaumia kwanza kwa sababu una chuma nyingi na unacheza kwa upana.

Pili, fungua kifuniko cha nyuma usome poti, vile vidude vilivyo chini ya vitufe vya volyumu na toni. Pikapu za kawaida zisizo na betri, zile za koili mbili, zinataka poti ya 500K. Ukikuta 250K basi sehemu ya ukungu wako iko hapo, maana poti ndogo inakula sauti za juu kabla hazijafika kwenye jeki.

Tatu, uzi wenyewe ni namba ngapi, yaani unene wake? Seti nyingi za nyuzi saba zinakuja na B ya 56 au 59. Kwenye skeli ya 25.5 hiyo 56 inalegea, mimi naweka 62. Ukiweka, angalia na kijino cha juu shingoni, kama uzi haukai ndani kipanue kidogo kwa faili.

Nne, na hii wengi wanasahau, pima shimo la pikapu. Usiniambie ni la nyuzi saba, niambie milimita.

Kijana_WestNile

Mimi sitazunguka, chukua EMG 707 mbili, zile za betri, umalize. Niko nazo mwaka wa tatu sasa, B yangu inakatika safi kama panga, na utulivu wake ni mwingine, ukiacha kupiga husikii mvumo. Hapa Arua tukipiga kwenye harusi umeme unatoka jenereta, taa zinapepesa, wenzangu wenye pikapu za kawaida wanalia na kelele mimi natulia. Betri ya volti 9 inakaa miezi mingi sana. Usiogope betri.

dada_wa_nyuzi

Kaka wa Arua unasema kweli kuhusu utulivu, nimezipiga hizo na nikazipenda, lakini umwambie huyu ndugu yote. EMG haiingii hivi hivi kwenye gitaa yake. Zinataka poti za 25K, na jeki ya miguu mitatu ile ya stirio, ili betri ijizime ukichomoa waya, na lazima apate mahali pa kulaza betri yenyewe kule nyuma. Na 707 umbo lake ni kubwa, inchi 3 na nusu kwa 1 na nusu, yaani kama milimita 89 kwa 38. Gitaa ikitoka kiwandani na pikapu zisizo na betri mara nyingi shimo ni dogo kuliko hapo, kwa hivyo aidha utafute EMG za umbo dogo aidha umpe seremala mwenye router, mashine ya kuchimba mbao, akuchimbie. Mimi nilimpa mtu gitaa yangu achimbe, akapitiliza mpaka ukaonekana mwanya pembeni ya pikapu, mpaka leo nikiiangalia roho inaniuma.

Halafu sikiliza, huyu anapiga sebene. Kwenye metali 707 sina ugomvi nayo. Kwenye sauti safi mimi naiona imebanwa, kila noti inatoka kwa nguvu ile ile hata ukigusa polepole, na sebene utamu wake uko kwenye mguso.

mzee_wa_rumba

Vijana wangu, nimepiga solo tangu miaka ya themanini, nyuzi sita tu, lakini niruhusuni neno. Msidhani nyuzi saba ni mali ya metali. George Van Eps wa Marekani alikuwa anapiga jazi kwenye gitaa ya nyuzi saba tangu miaka ya 1930, Epiphone ndo walimtengenezea. Mwaka 1990 Ibanez wakatoa gitaa ya nyuzi saba inayoitwa Universe pamoja na mpiga gitaa Steve Vai, ndani kulikuwa na pikapu za DiMarzio Blaze, na Vai anapiga safi na chafu kwenye gitaa hiyo hiyo. Bendi ya Korn na wenzao wa metali walikuja baadaye, albamu yao ya kwanza ni 1994, hao wakazishusha zaidi, uzi wa chini ukawa A. Kwa hivyo mwanangu usikubali kuambiwa uchague kanisa au stoo. Pikapu ya kufanya zote ipo.

Mimi nakuomba jambo moja, usichukue pikapu yenye nguvu nyingi kwa upande wa shingoni. Ukiwasikiliza wapiga solo wa Kongo, mtu kama Diblo Dibala, kila noti ina ncha yake, unaweza kuzihesabu. Pikapu ikiwa nzito zile noti za haraka zinagandamana kama ugali uliopoa.

mpiga_solo_mbale

Asanteni sana. Jana usiku nimeifungua mezani kwa tochi ya simu. Mzee fundi, nimekuta haya: uzi wa B uko milimita 1 tu kutoka kwenye pikapu ya briji, nilikuwa sijawahi kugusa zile skrubu. Poti ya volyumu imeandikwa B250K mgongoni, ya toni hivyo hivyo. Uzi wa B ni 56. Shimo ni milimita 83 na kidogo kwa 38, pembe zake za mviringo. Na nilipogonga pikapu na mkia wa bisibisi ampu ikiwa imewashwa, ilitoa to! to! kama kipaza sauti, hiyo ni kawaida?

Nikashusha pikapu mpaka milimita 3. Jamani, B imeanza kusema! Haijawa safi lakini noti naisikia, ile kuyumba imeisha. Nimefurahi na nimekasirika pamoja, mwaka mzima nimevumilia kitu cha bisibisi moja.

Sasa je, bado ninunue?

FundiKoili

Bado nunua, ila sasa unanunua ukijua unachotafuta. Hiyo to to maana yake koili haijazamishwa kwenye nta. Waya wa shaba mle ndani unatikisika, na ukipandisha gain inaanza kupiga mluzi. Hapo hakuna bisibisi ya kusaidia.

Na shimo lako limekujibu, milimita 83 ni umbo la kawaida la pikapu ya nyuzi saba isiyo na betri. DiMarzio au Seymour Duncan zitakaa bila kuchimba mbao.

Nielezee B kidogo maana hapa ndo watu wanapotea. B ya chini ni kama hezi 62, E ya kawaida ni 82. Distosheni ikipokea besi nyingi inazisaga pamoja na noti nyingine, kinachotoka ni uji. Kwa hivyo pikapu nzuri ya nyuzi saba haiongezi besi, inazibana besi na kuacha midi, yaani sauti za kati, zitembee. Ukisoma mtu anasifia pikapu eti ina besi kubwa, kimbia. Na hata pikapu ikiwa nzuri, weka pedali ya aina ya Tube Screamer mbele ya ampu, draivu sifuri, level juu. Yenyewe inakata besi kabla ya distosheni. Watu wa metali wanafanya hivyo miaka yote.

Sasa majina. Nazgul ina sumaku ya seramiki, ni kali, imebana, kwa metali peke yake ningekwambia hiyo hiyo. Lakini kwa kazi yako mimi nachagua Pegasus kwenye briji na Sentient shingoni, zote Seymour Duncan, zote sumaku ya alniko 5. Pegasus haina ukali wa Nazgul lakini ukipiga kodi yenye noti tano unazisikia zote tano, na ukizima nyuzi kidogo kwa kiganja B bado inakatika. Sentient ndo hiyo mzee wa rumba anayoomba, haina nguvu za kupita kiasi, iko wazi juu.

Poti badilisha zote, 500K, na volyumu uchukue ya herufi A. Hiyo peke yake utashangaa.

Kijana_WestNile

Nimekubali kwa upande wa shimo, sikujua ni dogo hivyo. Lakini kelele je? Kanisani kuna taa za dima na nyaya ndefu, akikata koili moja ya pikapu, yaani kuizima, apate ile sauti nyembamba ya sebene mvumo utarudi.

dada_wa_nyuzi

Swali zuri kaka, ndo maana asikate. Aunge koili mbili sambamba badala ya kufuatana. Sauti inakuwa nyembamba, inang'aa, nguvu inapungua, lakini koili zote mbili bado zinafanya kazi kwa hivyo mvumo unafutwa. Mimi nimeweka hivyo shingoni kwa poti ya toni ya kuvuta juu, ukivuta ni sebene, ukibonyeza ni pikapu kamili. Nikipiga safi siibonyezi kamwe.

Na ndugu, ukiagiza ng'ambo kumbuka pikapu moja inazidi dola 100, halafu kuna kusafirisha, ushuru, na VAT asilimia 18. Usihesabu bei ya mtandaoni peke yake. Ukiona inauzwa nusu bei na jina limeandikwa vizuri sana, hiyo ni ya kuigiza.

mpiga_solo_mbale

Nimefanya hesabu upya, zote mbili kwa pamoja na ushuru pesa hazitoshi, zimepungua kidogo. Nimeamua naanza na Sentient? Au Pegasus? Poti na uzi wa 62 nanunua wiki hii.

mzee_wa_rumba

Mwanangu shida yako ya kwanza ilikuwa wapi? Anzia hapo. Shingoni ishushe kimo, weka poti mpya, itakuvumilia miezi michache.

FundiKoili

Mzee amesema. Pegasus ya briji kwanza. Ikifika usikimbilie kuchomea kwa rangi za mchoro wowote unaoupata, kila kampuni ina rangi zake na watu wanaharibu hapo. Seymour Duncan: nyeusi ndo ya moto, inaenda kwenye swichi. Nyekundu na nyeupe unaziunga pamoja, unazifunga tepu, haziendi popote. Kijani na ule waya mtupu zinaenda ardhi, mgongoni mwa poti. DiMarzio ni tofauti, kwao nyekundu ndo ya moto, nyeusi na nyeupe ndo zinafungwa pamoja.

Baadaye ukipata Sentient na ukitaka ile ya sambamba ya dada, ukivuta poti nyeusi na nyekundu ziwe za moto, nyeupe na kijani ziende ardhi.

Mgongo wa poti uukwaruze kwanza kwa msasa, solda ishike. Pasi ya wati 40, usiiweke zaidi ya sekunde tatu nne, poti inaungua ndani bila kuonyesha nje. Na waya za pikapu usizikate fupi hata zikionekana zimejaa mle ndani, zikunje uzilaze, siku ukitaka kubadilisha utazihitaji.

mpiga_solo_mbale

Nimeandika yote kwenye daftari. Poti za A500K nimezipata, mbili, na moja ya kuvuta. Pegasus nimeagiza leo asubuhi, jamaa anayesafiri ataingia nayo mwezi ujao.