Mke Mzungu anayehamia kijiji cha ndani ya Oman: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Assalamu aleikum ndugu zangu. Amri ya kifalme namba 23 ya mwaka 2023 imerahisisha ndoa za Waomani na wageni. Linalobaki ni swali la baada ya harusi: mke kutoka Ulaya au Marekani anahamia kwao mume, si Muscat bali Hamra, Bahla au kijiji cha milimani. Aanzie wapi? Waswahili wa Oman ndio wanaoulizwa, maana wanazielewa pande zote mbili. Leteni mambo yanavyotendeka, hatua kwa hatua.

Mama wa Bahla
Aanze na kahawa. Maisha ya wanawake kule yanakwenda kwa ziara: posa, habari ya mgonjwa, ushauri wa mtoto, vyote hupitia kwenye jamvi la kahawa. Asiyetembelea watu hajulikani, hata akiwa mpole vipi.

Majirani wa karibu hukutana asubuhi, kama saa tatu au saa nne, kazi za jikoni zikitulia. Ziara za heshima ni baada ya alasiri. Anavua viatu mlangoni, anasalimia mmoja mmoja kuanzia kulia hata wakiwa ishirini, kisha anakaa kitako bila nyayo zake kumwelekea mtu. Matunda hutangulia, halafu tende au halua, na bakuli la maji la kusuuza vidole. Ndipo kahawa chungu, theluthi ya finjani tu. Mgeni huona amebaniwa. Sivyo: finjani iliyojazwa pomoni ndiyo inayomwambia mtu anywe aende zake. Apokee kwa mkono wa kulia, na akitosheka aitikise finjani huku na huku. Akiirudisha bila kuitikisa atamiminiwa tena na tena, naye atakunywa kwa kuona haya.

Chetezo cha udi kikipitishwa, ziara imekwisha. Waarabu wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Afukize ushungi na nguo, ampe wa pembeni, aage.

Jiko la Nizwa
Kipimo cha atakayepokea wageni: maji lita 1, buni iliyokaangwa na kusagwa vijiko vikubwa 3, ichemke dakika 10 kwa moto mdogo. Iliki iliyopondwa, kijiko kidogo 1, iingie mwishoni kabisa pamoja na zafarani kidogo ukipenda. Funika, iache itulie dakika 5, ndipo uimimine kwenye dele au chupa ya chai. Iliki ikichemka tangu mwanzo, harufu yote inakwenda na mvuke. Ukiharakisha kumimina, machicha yanafika kwenye finjani. Sukari haitiwi, tende ndiyo utamu wake.

Dada wa Seeb
Salamu je? Wengi wanafika na Kiarabu cha vitabuni.

Mama wa Bahla
Dada, mwanamke anaulizwa *kef halish*, si *kef halak*. Hiyo *-sh* ya mwisho ni ya kike, na akiitumia vizuri bibi wa nyumba atafurahi kuliko akitamka sentensi ndefu za kitabuni. Kisha ataulizwa *ulum* na *akhbar*, yaani habari za huko atokako. Jibu la kwanza ni kwamba hakuna jipya, alhamdulillah, hata kama lipo zito la kusema. Mswahili hahitaji kuelezwa hili: naye hujibu "nzuri" kwanza, "ila" hufuata.

Mkaazi wa Hamra
Kinachowashinda wengi ni mlango. Mwanamke wa Ulaya akichoka hujifungia apumzike, na kwake hiyo ni haki ya kawaida. Kijijini mlango uliofungwa asubuhi unasomeka kuwa ni ugonjwa au hasira, na majirani watakuja kuuliza. Dawa yake ni saa: baada ya adhuhuri mpaka alasiri watu wamelala, na hakuna atakayegonga. Upweke wake auweke hapo. Asubuhi mlango uwe wazi, hata kama anasafisha mchele.

Tena, asisifu kitu cha mwenyeji kwa shauku bila *mashallah*. Akisifu bangili, mwenyewe atajiona analazimika kuitoa. Akimsifu mtoto, mama ataogopa kijicho.

Jiko la Nizwa
Penye falaji, yaani mfereji wa maji wa jadi, pana utaratibu. Maji ya juu kabisa, yanapotokeza wazi, ni ya kunywa. Chini yake ni mahali pa kuogea, wanaume kwao na wanawake kwao, kisha kufua na kuosha vyombo, mwisho mashamba. Atakayeloweka nguo juu amewachafulia wote walio chini. Awaulize wanawake wenziwe sehemu yao iko wapi kabla ya kubeba beseni. Falaji 5 za Oman, Daris ya Nizwa mojawapo, ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006.

Dada wa Seeb
Na mkate wa rakhali, ule mwembamba kama karatasi?

Jiko la Nizwa
Unga, maji na chumvi, donge laini linalonata mkononi. Unachota donge la konzi moja, unalipitisha juu ya chuma cha moto kwa kuzungusha, unachukua linalobaki. Chuma kikiwa baridi, unga unaburutika na kurudi na mkono. Kikizidi moto, unashika papo hapo na mkate unakuwa mzito. Ajaribu kwa kipande kidogo kwanza, na aanze siku ambayo hakuna wageni.

Mkaazi wa Hamra
Msiba: taazia ni siku 3, wanawake nyumbani na wanaume kwao. Aende ndani ya siku hizo, nguo isiyong'aa, bila manukato, akae kidogo, anyamaze. Hapo kimya chake kinatosha. Mjane yuko eda miezi 4 na siku 10, hivyo asimwalike popote, amfuate kwake. Uzazi ni kinyume: arobaini yote wageni wanaingia, na zawadi ya mtoto, pesa au kitambaa, humpa mama wakati wa kuaga, si wakati wa kuingia.

Mama wa Bahla
La mavazi: kanzu ndefu, suruali ya chini iliyobana kifundoni, ushungi, na abaya akitoka. Barakoa ya uso ataiona zaidi kwa Mabedui wa Sharqiya, upande wa mashariki. Asiivae milimani kwa kudhani ndiyo heshima. Atazame wakwe zake wanavyovaa, ashone kama wao.