Pilipili ni ya baridi, mbona inaunguza?

mama_wawili: Wadau naombeni kueleweshwa, jana nimekata pilipili mbuzi za kachumbari nikajisahau nikafikicha jicho, jamani nililia mpaka nikakaa chini, na vidole vikawaka hadi usiku wakati pilipili yenyewe ukiishika ni ya baridi tu. Huo moto unatoka wapi?

mzee_wa_baiolojia: Pole sana dada. Kwenye mishipa ya fahamu kuna vipokezi vya joto, vinashtuka kitu kikifika kama nyuzi 43 hivi, sasa kemikali ya pilipili, kapsaisini, inavifungua vilevile bila joto lolote, ubongo unapata taarifa ileile kwamba unaungua, ndo maana hata jasho linakutoka. Mwanasayansi David Julius wa Marekani na wenzake walikitambua hicho kipokezi 1997, akapata tuzo ya Nobel 2021 pamoja na mwanasayansi mwingine, Ardem Patapoutian. Yaani ukali wa pilipili sio ladha kabisa, ni maumivu.

mama_wawili: Kumbe! Na vidole nimeviloweka kwenye ndoo ya maji masaa mawili.

mtu_wa_pwani: Maji hayaitoi hiyo kapsaisini, inayeyuka kwenye mafuta. Vidole paka mafuta ya kula kwanza halafu osha na sabuni, mdomoni kunywa maziwa. Ila jichoni maji safi tu, mengi.