Mikataba ya mazingira inafika mwaloni ikiwa na kurasa za nyavu tu. Kurasa za maji mmezificha wapi?

Wakuu, habari za jioni. Nimejizuia siku tatu nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Mods, naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa bei ya sato.

Tuliitwa semina, wavuvi na wachuuzi wa mialo kadhaa (kunakoshushwa samaki) ya hapa Mwanza, Ziwa Victoria. Mtaalamu akawasha projekta: Mkataba wa Bayoanuai, yaani wa kulinda aina zote za viumbe, Rio de Janeiro, 1992, Tanzania tukauridhia 1996. Sawa. Picha ya pili, "Wajibu wetu". Kuanzia ya tatu mpaka ya mwisho ni nyavu: makokoro, matundu ya inchi ngapi, sangara chini ya sentimita 50. Saa tatu nzima tunaambiwa mataifa yametia saini, sisi wa mitumbwi ndio tunaoyaangusha.

Kabla hamjanirukia, sitetei kokoro. Kokoro linazoa ufukwe mzima pamoja na mazalia ya sato, kila mtu wa mwaloni anajua.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akanyoosha mkono. "Mwanangu, mimi nimevua ziwa hili tangu kijana. Zamani ukichota maji unaona kiganja chako. Sasa ni kijani kama mlenda. Hilo mbona hulitaji?" Akajibiwa: "Hiyo siyo mada ya leo, mzee."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Ni mada ya leo! Ndiyo mada yenyewe!

Ngoja niwaambie kuhusu furu, yule samaki mdogo wa ziwa letu, maana wengi mnamjua kama chambo tu. Watafiti wa Uholanzi walioanza kazi Ghuba ya Mwanza mwaka 1977 walikuta furu ni zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaokaa chini. Ziwa zima lilikuwa na aina zinazokadiriwa kufika 500. Miaka ya 80 sangara akafumuka, ghuba ikabaki karibu tupu, na inakadiriwa aina 200 hivi zilitoweka. Hiyo sehemu kila mtu anaijua, analaumiwa sangara na hadithi inaishia hapo.

Haijaishia hapo. Furu jike huchagua dume kwa rangi. Kwenye mawe ya ghuba yetu kuna ndugu wawili, mmoja dume lake lina rangi ya buluu, mwingine mgongo mwekundu. Huyo mwekundu kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei, ndiyo, kwa heshima ya Mwalimu, na hilo jina la kwanza ni Kiswahili kitupu. Maji yakiwa maangavu, kama kisiwani Makobe, kila jike anamfuata wa kwao. Ndani ya ghuba, maji yanapovurugika, mwanga unaofika chini hautoshi kutofautisha rangi, wanapandana ovyo, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha hayo mwaka 1997. Hakuna wavu uliotupwa hapo, wala sangara aliyemeza furu. Aina imepotea kwa sababu ya giza.

Na giza linatoka nchi kavu: naitrojeni na fosforasi za mbolea, samadi, udongo wa mashamba, moshi wa kuchoma mapori unaodondoka na mvua, na vyoo vyetu. Mirongo inakatiza katikati ya jiji na kumwaga yote hayo ziwani, simameni darajani siku ya mvua mjionee. Mwani ukistawi, ukafa, ukaoza, unakula oksijeni ya chini. Samaki anakosa pumzi, mvuvi anakosa samaki, halafu anaitwa semina.

Nikauliza na mimi. Ibara ya 8 ya mkataba huo huo inataka nchi zidhibiti au zitokomeze spishi ngeni zinazotishia mifumo ya ikolojia. Sangara aliletwa na watu miaka ya 50, si mzaliwa wa ziwa hili. Kwa nini tunamlinda kwa rula? Ukumbi ukacheka. Mtaalamu naye akacheka: "Sangara ni sekta, ndugu yangu." Naelewa, hata mimi ananilisha. Na ibara yenyewe inaanza kwa "kadiri inavyowezekana na inavyofaa", mlango wa kutokea upo. Ila kwa kokoro la mtu huo mlango haupo, linachomwa siku hiyo hiyo.

Angalieni Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa tabaka la ozoni. Wanasayansi walisema gesi fulani za majokofu na makopo ya kupulizia zinalila tabaka. Mkataba ukawabana watengenezaji wa gesi, na kila utafiti mpya ulipokuja orodha ikaongezwa. Hakuna aliyeitwa semina kwa kosa la kuota jua.

Msiseme huu wa bayoanuai hauna kipengele cha namna hiyo. Unacho. Desemba 2022 nchi zilikubaliana malengo mapya huko huko Montreal, na Lengo la 7 linasema virutubisho vya ziada, ndizo hizo naitrojeni na fosforasi, vinavyopotelea kwenye mazingira vipunguzwe angalau nusu ifikapo 2030. Nusu! Ikolojia imeingia mkatabani kwa tarakimu na mwaka, na kwetu imefika bila huo ukurasa. Wavu ni rahisi kuupata, upo kwenye mtumbwi na mwenyewe yupo. Bomba la maji taka utalichoma moto vipi?

Kipindi cha pili ni Alhamisi. Mada iliyoandikwa kwenye barua: "Vipimo vya nyavu, mwendelezo." Mwenye Lengo la 7 kwa Kiswahili aliweke hapa kabla ya Jumatano jioni. Nitalitoa nakala 40 stationery ya hapa mtaani, na ya kwanza ni ya yule mzee.